Kompyuta za Kulipualipua Zinavyokula Faida ya Duka Lako, na Namna ya Kuzirekebisha

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anajua kupigania bei. Anaweza kuzunguka Kariakoo kutwa nzima, Aggrey hadi Msimbazi, ili apunguziwe shilingi elfu mbili kwa katoni. Lakini ustadi huohuo akiupeleka kwenye kompyuta za biashara, mara nyingi unamgeuka. Mashine ya bei chee, Windows iliyochakachuliwa, fundi wa kupigiwa simu mambo yakiharibika, UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika) hakuna, bakapu (nakala ya akiba ya data) hakuna. Kila kimoja kiliokoa pesa siku kilipoamuliwa, na kila kimoja kina gharama ambayo haikuandikwa kwenye risiti.

Nawaandikia wenye maduka ya jumla, famasi, stoo za vifaa vya ujenzi, ofisi za uwakala wa forodha, shule ndogo za binafsi na karakana, yaani biashara zenye kompyuta moja hadi kumi hivi. Kubana matumizi ni haki yako, na huko mbele nitataja hata mahali pa kubana. Ninachosisitiza ni mpangilio wa pesa: kwanza kumbukumbu, pili umeme, tatu programu halali, halafu ndipo mashine yenyewe. Wengi huanza na mashine, na pesa inaishia hapohapo.

Hatua ya 1: Ipe bei saa moja ya kusimama

Kabla hujanunua hata waya, kaa na karatasi na kikokotoo. Chukulia duka la jumla la vipuri vya magari Gerezani. Linauza shilingi 6,000,000 kwa siku, faida ghafi ni asilimia 15, na linafanya kazi saa 10. Faida ya siku ni 900,000, sawa na 90,000 kwa saa. Mfumo ukilala, si kila mteja ataondoka. Wapo watakaosubiri na wapo watakaoandikiwa kwa mkono. Tuseme inapotea nusu tu, 45,000. Ongeza wafanyakazi wanne wa mshahara wa 400,000 kwa mwezi, wanaolipwa huku wamekaa: kwa siku 26 za kazi, wote kwa pamoja ni kama 6,000 kwa saa. Jumla 51,000. Diski ikifa Ijumaa asubuhi na fundi akamaliza Jumamosi jioni, hizo ni saa 20, yaani shilingi 1,020,000, na fundi mwenyewe hujamlipa bado.

Weka tarakimu za kwako, kisha nenda na karatasi hiyo unapoulizia bei ya UPS na diski ya nje. Mazungumzo na muuzaji yatakuwa tofauti kabisa.

Hata hivyo, saa za kusimama ndizo sehemu ndogo ya hasara. Sehemu kubwa imo kwenye mali kauli. Duka la jumla mjini hapa linaishi kwa kukopesha: mteja wa Mbagala kachukua mzigo wa 1,200,000, wa Chanika 700,000, wa Kibaha 2,500,000, na wote watalipa "wiki ijayo". Kama orodha hiyo iko kwenye kompyuta moja tu, mtaji wako wote umelala kwenye diski moja. Ikipotea, utadai kwa kukumbukakumbuka. Mdaiwa mwaminifu atakuja mwenyewe. Wa pili atasema alishalipa nusu. Wa tatu utamsahau wewe mwenyewe. Hasara ya namna hiyo haiji na ankara, ndiyo maana watu hawaihesabu.

Kuna na TRA. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka utunze kumbukumbu za biashara kwa muda usiopungua miaka 5. Mkaguzi akifika, "kompyuta iliharibika" haimsaidii chochote. Mamlaka ina uwezo wa kukukadiria kwa taarifa ilizo nazo. Sasa fikiri mwenyewe ina taarifa zipi. Mauzo yako imeshayapata kupitia mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Kilichokuwa kwako peke yako ni ushahidi wa manunuzi na matumizi, yaani zile karatasi za kupunguza kodi. Diski inapokufa, upande wa kukudai unabaki kamili na upande wa kukutetea unapotea. Gharama hii peke yake inatosha kukushawishi usome hatua ya 3 mara mbili.

Hatua ya 2: Andika ulichonacho, mashine kwa mashine

Kazi hii ifanywe jioni, duka likishafungwa. Niliwahi kukaa nyuma ya kaunta ya duka la vyombo vya plastiki karibu na Msimbazi. Kompyuta ilikuwa sakafuni, matundu ya feni yamezibwa na vumbi la maboksi na nyuzi za viroba. Soketi ya ukutani ni moja, imechomekwa ekstensheni, na kwenye ekstensheni hiyo kuna kompyuta, skrini, chaja ya EFD, chaja za simu tatu na jagi la umeme la kuchemshia chai. Kila jagi lilipowashwa, taa ya juu ilififia. Nywila ilibandikwa kwa selotepu chini ya kibodi, na ilikuwa moja kwa watu wote. Mwenye duka alivijua vyote hivyo kimojakimoja. Hakuwahi kuviona vimekaa kwenye karatasi moja.

Kwa kila kifaa andika: kina umri gani, kinafanya kazi gani, kikifa leo ni kazi ya nani inayosimama, nywila anayo nani, na data yake iko wapi kwingine. Safu hiyo ya mwisho ndiyo huwa tupu.

Andika pia vile visivyoonekana: barua pepe ya biashara, jina la tovuti, akaunti ya TRA mtandaoni, Lipa Namba, na laini ya simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho. Nimeona biashara nzuri ambayo laini hiyo ilikuwa ya karani aliyeshaacha kazi.

Hatua ya 3: Bakapu, kabla ya kitu kingine chochote

Kanuni inayotumika duniani kote ni rahisi: nakala tatu za data, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja ikae nje ya jengo. Ya kwanza ni ile unayofanyia kazi kila siku. Ya pili ni diski ya nje. Ya tatu iko mtandaoni, au ni diski nyingine inayolala nyumbani kwako.

Watu wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa kwa nini nje ya jengo. Soko kuu liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na aliyekuwa na daftari lake na bakapu yake kwenye droo moja alivipoteza vyote pamoja. Wezi nao hawachambui. Wakivunja fremu wanabeba kompyuta na diski iliyochomekwa pembeni yake.

Namna ya kuifanya kwa gharama ndogo ni hii. Nunua diski za nje mbili, moja uiandike A na nyingine B kwa peni ya wino mzito. Jumatatu jioni nakili data kwenye A, uichomoe, uende nayo nyumbani. Alhamisi fanya hivyo kwa B, na A irudi dukani. Kila siku kabla ya kufunga, programu ya mauzo itoe bakapu yake yenyewe na iipeleke kwenye hifadhi ya mtandaoni. Programu nyingi za mauzo na za uhasibu zina kitufe hicho. Ambacho mara nyingi hakipo ni mtu aliyepewa jukumu la kukibonyeza. Mtaje kwa jina, na awe na daftari la kusaini.

Kuchomoa diski ni lazima. Kuna virusi vya kudai fidia, vinavyofunga mafaili yako yote kisha vinadai pesa ili vikufungulie. Vikiingia vinafunga kila kitu kinachofikika, ikiwemo diski iliyoachwa imechomekwa mwaka mzima. Hata folda inayojinakili mtandaoni yenyewe inaweza kukuponza: faili likiharibika kwenye mashine, nakala ya mtandaoni nayo inaharibika dakika hiyohiyo. Chagua huduma inayotunza matoleo ya nyuma ya faili, na ujue inayatunza kwa siku ngapi.

Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia Maersk, kampuni kubwa ya meli za makontena ambayo mizigo yake tunaiona bandarini kwetu. Mwenyekiti wa bodi alisema baadaye kwamba walilazimika kusimika upya seva (kompyuta kuu zinazohudumia nyingine) 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10, na hasara ilitajwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Seva zilizobeba orodha ya watumiaji wote wa mtandao wao zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zilifutika zote kwa pamoja. Kilichowaokoa, kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa, ni seva moja ya ofisi ya Ghana iliyokuwa imezimika kwa sababu umeme ulikatika. Kampuni ya ukubwa huo iliponea kwenye nakala moja ambayo haikuwa imeunganishwa. Diski yako B ikiwa imelala kabatini Tabata inafanya kazi ileile.

Jihadhari na flashi na diski feki. Ukikuta flashi imeandikwa TB 2 inauzwa kwa bei ya GB 64, ujue ndani ni ndogo na imechezewa ili ijitangaze kuwa kubwa. Itapokea mafaili yako bila kulalamika, kisha ikijaa inaandika juu ya yale ya mwanzo. Utagundua siku unapoyahitaji. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayojaza flashi yote kisha inaisoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Ijaribu kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita.

Sasa sehemu ambayo karibu kila mtu huiruka. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa hujui kama ni bakapu. Kila baada ya miezi mitatu chukua diski, nenda kwenye kompyuta nyingine kabisa, rudisha data, kisha tafuta vitu vitatu: ankara moja ya mwezi uliopita, salio la mteja mmoja wa mali kauli, na idadi ya bidhaa moja stoo. Linganisha na duka. Angalia saa pia: imechukua dakika 40 au siku nzima? Muda huo ndio utakaosimama siku ya balaa, na sasa unajua kuuzidisha na ile bei ya saa.

Hatua ya 4: Umeme

Kukatika kwa umeme kunaudhi, lakini kinachoua mashine zaidi ni unavyorudi. Unarudi kwa kishindo, unakatika tena, unarudi hafifu, kisha unapanda. Diski iliyokuwa katikati ya kuandika mauzo inaacha faili la data nusu, na kesho yake programu inakataa kufunguka. Mgawo wa 2023 umepita na Bwawa la Nyerere lilianza kuzalisha mwaka 2024, ila kukatika kwa dakika tano kwa sababu ya transfoma ya mtaa au mvua kubwa hakujaisha, na dakika tano zinatosha.

Kila kompyuta inayoandika mauzo iwe na UPS. Unaponunua, usidanganywe na namba kubwa kwenye boksi: UPS ya VA 650 haitoi wati 650, nyingi hutoa wati 360 hadi 390 hivi. Kwa kompyuta ya mezani na skrini yake inakupa dakika kumi hivi ikiwa mpya. Dakika hizo si za kuendelea kuuza. Ni za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na keshia aambiwe hivyo. Betri ya ndani huchoka kwa miaka miwili hadi minne, na joto la Dar linaiharakisha. Uliza mapema kama betri inabadilishika, kwa sababu UPS nyingi zinazotupwa zilikuwa nzima isipokuwa betri.

Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS. Kila inapopasha moto karatasi inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na itaizidi nguvu. Jagi la chai lipewe soketi yake. Ruta ya intaneti nayo iwekwe kwenye UPS, inatumia umeme kidogo sana.

Ukigusa kava la chuma la kompyuta ukahisi umeme unakutekenya, waya wa ethi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haupo au umekatika. Fremu nyingi za zamani zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu halijaunganishwa popote. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime. Kazi hiyo inalinda mashine na inalinda mtu.

Hatua ya 5: Programu za kuchakachua

Fundi anakuambia "nakupigia Windows" kwa elfu chache, na ndani ya saa moja una Windows, Office na programu ya uhasibu, zote bila leseni. Bei inavutia, naelewa. Lakini tazama anachofanya dakika ya kwanza: anazima kinga ya virusi, kwa sababu kifungulio anachotumia kinatambulika kama kirusi. Mara nyingine ni kirusi kweli. Hapo umempa mtu usiyemjua funguo za mashine inayofungua akaunti yako ya benki na ya TRA.

Gharama ya pili ni masasisho. Mashine zilizochakachuliwa huzimiwa masasisho ili Microsoft isiugundue ujanja, hivyo matundu yanayozibwa kwa wengine yanabaki wazi kwako. Virusi vya WannaCry vilivyosambaa katika nchi zaidi ya 150 mwezi Mei 2017 vilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, kilitolewa Machi mwaka huohuo. Waliosasisha walikuwa na miezi miwili ya kujikinga.

Gharama ya tatu ni sheria. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda muziki, na utakapoomba zabuni kwenye kampuni kubwa au taasisi ya kimataifa, leseni ni kati ya vitu wanavyoweza kuvikagua.

Kama pesa ya leseni haipo, usichakachue. Shuka daraja kwa heshima. LibreOffice ni ya bure kisheria, inafungua mafaili ya Word na Excel, na inatosha kwa barua, ankara na hesabu za kawaida. Mashine ya kuandikia tu inaweza kuwa na Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Tumia pesa ya leseni pale ambapo pesa yako inaandikwa, yaani mashine ya mauzo na ya mhasibu.

Na Excel nayo ina kikomo. Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza ilikuta wagonjwa 15,841 wa korona hawamo kwenye takwimu, kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani lenye mwisho wa mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje kimyakimya. Duka lako halitafika huko leo. Lakini siku watu wawili wanapofungua faili moja la stoo, kila mmoja akahifadhi la kwake, umeshaanza kupoteza mistari kwa njia nyingine. Ukifikia kaunta mbili, toka kwenye Excel uingie kwenye programu halisi ya mauzo.

Hatua ya 6: Mashine, mpya au ya mtumba

Sina ugomvi na kompyuta za mtumba. Mashine ya kiofisi iliyotunzwa huko ilikotoka inaweza kukushinda mpya ya bei chee. Ila tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, na mashine nyingi za mtumba hazikubaliki rasmi kwa Windows 11. Soma namba ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kabla ya kutoa hela. Kwa Intel Core, tazama tarakimu baada ya kistari: i5-4590 ni kizazi cha nne, i5-7500 cha saba, i5-8250U cha nane, i5-10210U cha kumi. Windows 11 inataka, isipokuwa wachache, kuanzia kizazi cha nane. Muuzaji akikuambia "hii ni i5, ina nguvu", mwambie akuonyeshe namba yote.

Kisha, palepale dukani, washa mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone kama inataja toleo 2.0 la TPM, kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Kama ni kompyuta mpakato, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha betri ilitengenezwa kubeba kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa chini ya nusu, punguza bei ya betri mpya kwenye bei uliyotajiwa. Kwa diski, programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha afya yake na saa ilizofanya kazi. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Acha video icheze robo saa usikilize feni.

Diski ya SSD, yaani ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka, hata ndogo ya GB 256, ni mabadiliko makubwa kuliko prosesa kubwa. Mashine inayowaka kwa dakika moja badala ya sita inarudisha pesa yake kwa foleni ya kaunta tu.

Dai risiti ya EFD. TRA wamekuwa wakituimbia ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na hapa ina faida yako ya wazi: chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato kompyuta zimo kwenye daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Mashine ya 1,000,000 inakupunguzia 375,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi mwaka wa kwanza. Ukinunua "bila risiti, nikupunguzie", piga hesabu hiyo kwanza, na ujue pia kwamba umepoteza ushahidi wa dhamana.

Hatua ya 7: Fundi na makubaliano yake

Fundi mzuri ni mtu wa thamani na alipwe vizuri. Tatizo ni kumfanya fundi kuwa mahali pekee ambapo siri za biashara zinakaa. Nakumbuka famasi ambayo mfumo wake ulitengenezwa na kijana hodari, kwa makubaliano ya mdomo. Alipopata ajira Mwanza, nywila kuu ilikwenda naye, jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa kwa jina lake, na alipopigiwa simu alikuwa kazini kwa mtu mwingine. Hakuwa mbaya. Ni kwamba hakuwahi kuombwa akabidhi.

Kwa hiyo andika, hata ukurasa mmoja, kabla ya malipo ya kwanza. Data ni mali ya biashara, na inatoka kwenye mfumo kwa muundo unaofunguka kwingine. Nywila ya msimamizi anakabidhiwa mwenye biashara kwenye bahasha iliyofungwa. Jina la .co.tz linasajiliwa kwa jina la biashara, na barua pepe ya usajili ni ya kwako. Mfumo ukisimama atafika ndani ya saa ngapi, na kwa bei gani. Akiondoka, ana siku kadhaa za kumwelekeza anayemrithi. Malipo yagawe mara tatu, na fungu la mwisho litoke baada ya yeye kurudisha bakapu mbele ya macho yako kwenye mashine nyingine.

Fundi anayechukizwa na masharti haya amekusaidia kuamua mapema.

Hatua ya 8: Kila mtu na jina lake

Nywila moja kwa wote inaonekana kurahisisha kazi, hadi siku pesa zinapopungua kwenye droo. Mfumo unasema aliyefuta mauzo ni "admin". Admin ni nani? Ni watu watano, na wote wanaapa. Hapo unaishia kumshuku mtu asiye na hatia, au kumwacha mwenye hatia, na vyote viwili vinavunja duka. Mpe kila mtu jina lake la kuingilia. Keshia auze, asiweze kufuta mauzo wala kutoa punguzo bila msimamizi. Anayeacha kazi afungiwe siku hiyohiyo, kabla hajaaga.

Barua pepe na akaunti za pesa ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili, na laini inayopokea ujumbe iwe ya mwenye mali.

Kama unatunza majina, simu, namba za NIDA au dawa za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu. Inadai usajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ulinzi wa taarifa zenyewe. Famasi, zahanati na shule zisilipuuze hili.

Hatua ya 9: Intaneti

Kwa kifupi: mfumo wako uweze kuuza hata mtandao usipokuwepo, kisha utume baadaye. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilidorora nchi nzima, na aliyetegemea programu ya mtandaoni peke yake alirudi kwenye daftari. Kuwa na laini ya akiba ya mtandao tofauti. Kifurushi kidogo kwenye simu kinatosha risiti na malipo. Waifai ya wateja itenganishwe na ya ofisi, na nywila ya ruta iliyokuja nayo kiwandani ibadilishwe leo.

Mahali pa kubana bila hofu

Skrini ya mtumba ni sawa kabisa. Kibodi, kipanya, meza, kabati, hata printa ya risiti iliyotumika, nunua kwa bei nafuu kadiri uwezavyo. Usikubali kuuziwa seva kubwa kwa kaunta tatu. Mashine moja nzuri yenye SSD na UPS inatosha kuwa kitovu. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows halali inatosha biashara nyingi ndogo, mradi haijazimwa. Kusafisha vumbi ni kazi ya blowa na nusu saa kila miezi mitatu, na ukiwa karibu na barabara ya vumbi au pwani yenye chumvi hewani, fanya kila mwezi. Kompyuta iinuliwe kutoka sakafuni. Mafuriko ya Msimbazi na Jangwani hayapigi hodi.

Na kama mwezi huu una pesa ya kitu kimoja tu, acha mashine mpya isubiri. Nunua diski A na B, hakikisha si feki, unakili orodha ya mali kauli leo jioni, uondoke na diski moja mkobani.